Tonge la Bi Msiti

Hapo zamani, wala si zamani ya mazimwi, ni zamani hii ya juzi, nguzo za umeme zimekwisha kusimama lakini umeme wenyewe unakuja unapotaka, palikuwa na mji mdogo uitwao Kilulumo, katikati ya mashamba ya mkonge. Na katika mji huo alikuwapo mwanamke mpika halwa, jina lake Bi Msiti.

Mnasikia? Sikilizeni vizuri, maana mwisho wa habari hii mtaulizwa.

Bi Msiti alikuwa na mkono. Mtasema, kila mtu ana mkono. Lakini huu wa Bi Msiti, mkono wa kulia, ulikuwa mkono wa halwa. Halwa hukorogwa saa tatu mfululizo. Ukipumzika kidogo inashika chini, ukiharakisha inajitenga na samli, ukizubaa inakuwa gundi. Bi Msiti alikoroga huku akiimba, na alipokwisha, mwiko ulisimama wenyewe katikati ya sufuria. Harusi isiyo na halwa ya Bi Msiti, watu walisema, hiyo si harusi, ni mkutano.

Ng'ambo ya soko alikuwapo mpika halwa mwingine, jina lake Chambuso. Pande la mtu, sauti kama ngoma, bakora mkononi. Nyumba hizi mbili hazikusalimiana kwa miaka kumi na mitatu. Ukinunua kwa huyu, yule anakununia. Ukimsifu yule, huyu anakufungia mlango.

Basi asubuhi moja ya Ijumaa Chambuso akaja jikoni kwa Bi Msiti, macho mekundu.

"Msiti! Harusi ya kina Mhando ilikuwa yangu! Walikwisha kunipa neno. Umewaendea kisirisiri!"

"Kaka Chambuso, mimi sijamwendea mtu. Wamekuja kwa miguu yao. Na sufuria iko motoni, tafadhali rudi nyuma."

"Sirudi! Leo utaniambia!" Akainua bakora, akaipiga chini kwa hasira. Haikupiga chini. Ilipiga figa. Figa likateleza, sufuria ikainama, na halwa inayochemka ikamwagika juu ya mkono wa kulia wa Bi Msiti, kutoka kiwiko hadi vidole.

Maji ya moto yakikumwagikia hupita. Halwa haipiti. Halwa hunata.

Bi Msiti hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake kama anayetazama mkono wa mtu mwingine, kisha akaanguka. Chambuso alitupa bakora, akambeba, akautumbukiza ule mkono katika pipa la maji, akaushikilia humo huku analia, "Msiti, sikukusudia. Wallahi sikukusudia." Kisha akambeba hadi kituo cha afya, mbio, watu wazima wanampisha njia.

Wakamwosha, wakamfunga, wakampa dawa, wakamlaza. Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Kufikia ya sita kidonda kilikuwa kimekataa. Hakifungi. Kingo zake zimekakamaa, katikati pamepauka kama nyama iliyolala majini. Kila wakibadilisha bendeji, Bi Msiti anatazama kama kingo zimesogeana, na hazijasogeana hata upana wa ukucha. Tena vidole vikaanza kujikunja, kidogo kidogo, kama kucha za kuku.

Tabibu wa kituo akamweleza wazi, maana alikuwa mtu wa kweli. "Mama, hapa inatakiwa ngozi ichunwe pajani ipandikizwe mkononi. Hospitali inayofanya hivyo iko ng'ambo ya mto, na daraja limesombwa na mafuriko. Wanasema litachukua miezi mitatu. Na mimi sina hakika mkono huu una miezi mitatu."

Bi Msiti akauliza, "Nikikosa?"

"Vidole vitakakamaa hivyo hivyo. Au uchafu utaingia kwenye damu. Hapo hatutazungumza tena habari ya mkono. Tutazungumza habari ya roho."

Siku ile Bi Msiti, pale pale kitandani, akageukia ukuta. Alijaribu kushika kikombe kwa kushoto, uji ukamwagika shukani. Akaucheka ule uji, kisha akalia.

Sasa tazameni. Katika kituo kile alikuwamo msichana wa maabara, jina lake Sihaba. Mfupi, mpole, ametoka mkoa wa mbali, hana shangazi wala binamu mji mzima. Sihaba akaingia, akafunga mlango, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, nina jambo. Usinicheke."

"Mwanangu, mimi wa kucheka niko wapi?"

"Damu yako unaiona nyekundu tu. Lakini ndani yake mna chembe ndogo ndogo, bapa kama visahani. Ukijikata, chembe hizo hukimbilia pale, zinapasuka, zinamwaga vitu viitwavyo vichochezi vya ukuaji. Hivyo vichochezi ndivyo wapiga mbiu. Vinaita: ngozi, amka! Mishipa, chipua! Jengeni, hapa pamebomoka! Sasa kwenye kidonda chako mbiu imezimika. Wajenzi wapo, wamelala. Kule nilikosoma walitufundisha kuchota damu kidogo, kuizungusha kwa kasi mpaka nyekundu ikazama chini na rangi ya samli ikaelea juu. Kwenye hiyo ya samli ndimo wamo wapiga mbiu, maelfu kwa maelfu. Unaigandisha, unaipaka kidondani."

Bi Msiti akaketi. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita, aliketi mwenyewe.

"Hebu rudia hapo pa samli."

Sihaba akarudia. Bi Msiti akarudiwa na rangi ya uso. Hili alilielewa! Kama kuna mtu duniani anayejua kitu kizuri huelea juu ukikizungusha sawasawa, ni mpika halwa.

"Chota! Chota sasa hivi!"

Sihaba akamfunua kope, akampima, akatikisa kichwa. "Damu yako imepungua mno, mama, na chembe zake ni chache. Inatakiwa ya mtu mwingine, mzima, asiye na ugonjwa, wa kundi lako la damu. Na kundi lako ni adimu."

Tabibu akaitwa, akasikiliza, akauliza maswali kumi, akaweka saini. Na mbiu ya kwanza ikapigwa sokoni: Bi Msiti anataka damu! Wakaja wauza nyanya, wakaja washona viatu, wakaja walimu wawili na bwana harusi wa kina Mhando na kilemba chake. Watu ishirini na watatu walitobolewa kidole. Wa kwanza, siye. Wa kumi, siye. Wa ishirini na tatu, siye.

Jioni haijaingia, mlango ukajaa mtu. Chambuso.

"Nipimeni mimi."

Wakampima. Ndiye!

Lakini Chambuso, pande lile la mtu, alikuwa na siri moja: aliogopa sindano kuliko nyoka. Sihaba alipoifungua tu, Chambuso akaanguka chali, benchi likavunjika. Wakammwagia maji. Akafumbua macho, akasema, "Endelea." Sindano ikaingia, akazimia tena. Damu ikatoka amezimia. Bi Msiti, aliyekuwa akitazama kutoka kitandani, alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na katikati ya kicheko akahisi kitu cha miaka kumi na mitatu kimelegea kifuani mwake. Hakukitaja jina.

Sihaba akaipeleka damu kwenye mashine ya kuzungusha. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Umeme ulikuwa umekatika, na fundi wa transfoma yuko ng'ambo ya mto, na daraja halipo.

Damu haingoji. Saa chache, wapiga mbiu wote wamekufa.

Sihaba akatoka nje, akashika kichwa. Na pale nje, kwenye kivuli cha ukuta, alikuwapo mzee Semkiwa, mnoa visu. Mnamjua mnoa visu: ana baiskeli yake, anaisimamisha kwa stendi, anakaa juu anakanyaga pedali, gurudumu linazunguka, jiwe linazunguka, cheche zinaruka. Mzee huyu alizunguka mji hata mji. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, goti lake moja lilikuwa bovu. Alikuwa ananoa mikasi ya kituo.

Sihaba akalitazama gurudumu. Gurudumu likazunguka. Sihaba akapiga kelele, "Baba! Usishuke! Usishuke hapo!"

Wakafunga mirija miwili kwenye spoku za gurudumu la nyuma, mmoja upande huu una damu, mmoja upande wa pili una maji ya uzito ule ule, gurudumu lisiyumbe. Sihaba akashika saa.

"Dakika ishirini, baba. Kasi hiyo hiyo. Usipunguze, usizidishe, na usisimame ghafla. Ukisimama ghafla inachanganyika, na tumekwisha."

"Binti yangu, pedali hizi nimezikanyaga miaka arobaini."

Akaanza. Vuu! Spoku zikapotea macho. Mji ukakusanyika. Watu wakahesabu dakika kwa sauti. Tano! Kumi! Kumi na tano! Mzee Semkiwa jasho linamtiririka, ndevu zinapepea, na watu wanamshangilia, na hajawahi kushangiliwa maisha yake. Ya kumi na nane, akaachia usukani mkono mmoja, akawapungia. Baiskeli ikayumba. Mguu ukateleza. Gurudumu likasimama, kwaa!

Sihaba akafungua mrija. Wekundu mtupu.

Damu ile ikamwagwa. Mzee Semkiwa akakaa chini mavumbini, hakumtazama mtu. Ndipo sauti ikatoka mlangoni, nzito, inatetemeka: "Nichoteni tena." Ni Chambuso, amejishika ukuta.

Wakamchota tena. Safari hii hakuzimia. Alifumba macho, akataja majina yote ya marehemu wa ukoo wao, mmoja mmoja.

Mzee Semkiwa akapanda baiskeli. Hakumpungia mtu. Goti likavimba mbele ya macho yao, likawa kama papai, na yeye anakanyaga. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Akapunguza pole, pole, pole, mpaka gurudumu likalala lenyewe. Sihaba akafungua mrija, akauinua juani.

Chini nyekundu. Juu rangi ya samli!

Mji mzima ukapiga vigelegele kana kwamba bibi harusi ametoka nje.

Sihaba akaigandisha, ikawa laini kama faluda, akaipaka kidondani, akafunga. Bi Msiti akasema inamtekenya. Sihaba akamwambia haiwezekani. Bi Msiti akasema, "Mkono wangu au wako?"

Baada ya wiki moja wakafungua. Pale palipokuwa pamepauka pamekuwa pekundu, pana vichipukizi vidogo kama mbegu za mtama. Damu mbichi! Bi Msiti aliukodolea macho mkono ule. Kila wiki Chambuso alichotwa, kila wiki mzee Semkiwa alikanyaga, kila wiki Sihaba alipaka. Na kila wiki Sihaba alipima kidonda kwa uzi, akautoa uzi nje watu wauone, maana hawakukubali kuondoka bila kuuona. Wiki ya pili uzi wa shibiri. Ya tatu, nusu shibiri. Ya tano, kidole. Ya saba Sihaba akatoka bila uzi, mikono mitupu juu, na watu wakaelewa, wakambeba mabegani.

Ngozi mpya ilikuwa ya waridi, nyembamba kama ganda la kitunguu. Bi Msiti akavinyoosha vidole kwa mazoezi, kila siku, anauma meno, kimoja kimoja, mpaka vikanyooka. Na siku vilipozunguka mpini wa mwiko vikafumba, akatangaza: kesho napika.

Kilulumo nzima ikaja uani kwake. Akakoroga saa tatu, akaimba, mwiko ukasimama.

Sasa wapika halwa wa mji ule wana desturi. Kila mpika halwa, maishani mwake mara moja, hutoa tonge la undugu. Hulichota katikati ya sufuria kwa vidole vyake, humlisha mtu mmoja mbele za watu. Aliyelishwa anakuwa ndugu wa nyumba ile: ana mkeka harusini, ana sauti mashaurini, akifa anazikwa nao na kuliliwa nao. Mara moja tu, na mtu mmoja tu. Tonge likigawanywa, hubaki halwa tu. Mama yake Bi Msiti alimpa lake mkunga aliyempokea Msiti alipozaliwa. Msiti mwenyewe hakuwa ametoa lake.

Akaosha mkono, akasema, "Leo natoa tonge langu. Nampa aliyenirudishia mkono huu."

Watu wakashangilia. Kisha wakatazamana, kwa sababu watu watatu walikuwa wamesimama.

Sihaba alisema kwanza, sauti ndogo. "Mama, sikuzoea kudai. Lakini damu ilikuwapo mjini siku zote, na baiskeli ilikuwapo siku zote, na kidonda kilikuwa kinaoza. Hakuna aliyejua vikutanishwe vipi. Nilijua mimi. Na mimi hapa sina mtu. Nikiugua, anayenijulia hali ni mlinzi wa geti."

Chambuso akagonga kifua. "Maarifa bila damu ni maneno! Watu ishirini na watatu hawakufaa. Mimi nilichotwa mara nane, mimi ninayeogopa sindano kuliko kifo. Kilichomo chini ya ngozi hiyo ni changu. Ndugu ni damu, si ndivyo? Basi tayari ni ndugu yangu, nataka mji ujue. Watoto wetu wasirithi ununaji wetu."

Mzee Semkiwa akaja akichechemea. "Binti alijua, sawa. Chambuso akatoa, sawa. Na vyote vingeoza ndani ya mrija. Sikumkosea mama huyu kitu, sikumjua hata jina. Nilikuwa napita njia. Goti langu halitapona tena, nimeambiwa, na mnoa visu asiyekanyaga ni mzee tu wa barazani. Sina wa kunizika."

Watu wakaanza kunung'unika, huyu ana haki, yule ana haki. Ndipo mzee Semkiwa akamgeukia Chambuso. "Wewe unadai nini? Nani alipiga figa? Uliuunguza mkono, ukaurudisha. Anayerudisha alichokivunja hapewi shukrani, anasamehewa!"

Chambuso akawaka kwa hasira. "Na wewe? Nilimwaga damu yangu bure siku ile, ukaipoteza kwa kupungia watu! Nami nilitoa mara mbili siku moja kwa sababu ya mkono wako wa kushangiliwa!" Akamnyooshea kidole Sihaba. "Na huyu, mwulizeni swali moja. Binti, ulijua dawa hii tangu lini?"

Sihaba akainamisha kichwa.

"Tangu wiki ya pili," akasema. "Niliona kimeanza kukataa. Nikaogopa. Mimi mgeni, mdogo, wa maabara tu. Nikisema nikashindwa, wataniambia nilimuua. Nikanyamaza wiki nne." Akamtazama Bi Msiti. "Kila siku nilipita mlangoni kwako, mama. Nilisikia unavyougulia, nikapita."

Bi Msiti alisikia maneno hayo yakimwingia. Wiki nne! Wiki za kugeukia ukuta, wiki vidole vinajikunja. Akamtazama msichana aliyemnyamazia, ndiye pia aliyemfungulia mlango wa kupona. Akamtazama mwanamume aliyemwunguza, ndiye pia aliyemmiminia damu yake. Akamtazama mzee aliyeharibu, ndiye pia aliyetengeneza kwa goti lake, naye hakuwa na deni lolote kwake.

Wazee wa ukoo wake walimwambia, "Mpe mwenye maarifa." Wanawake walimwambia, "Malizeni uhasama, mpe Chambuso." Vijana walipiga kelele, "Semkiwa! Semkiwa!" Bi Msiti akaingiza vidole katikati ya sufuria, vidole vitano vilivyonyooka, akachota tonge. Lilikuwa la moto, na ngozi ile mpya ikausikia moto, ikauhisi kama ngozi ya mtoto inavyohisi, na yeye akafurahi hata kwa maumivu yake. Akainuka. Samli ikamtiririka hadi kwenye kifundo cha mkono. Mbele yake vinywa vitatu, na halwa ikipoa haifai tena kuwa tonge la undugu.

Akapiga hatua moja.

Haya, nyie mliokaa mnasikiliza mkila karanga, msitazamane. Mwenye maarifa aliyenyamaza, mwenye damu aliyeunguza, au mpita njia aliyeharibu akarudia: mkono ungekuwa wenu, na tonge linapoa, mngemlisha nani?